Dokta wa mifugo aliyenipigisha magoti kwenye banda langu mwenyewe

Nianze kwa kukiri. Kwa miaka kama saba hivi daktari wa mifugo kwangu alikuwa mtu wa kuja na sindano, basi. Ng'ombe kagoma kula, piga simu. Ndama anaharisha mpaka kalegea, piga simu. Na hiyo simu yenyewe napiga baada ya kuhangaika na dawa zangu siku mbili tatu, manake nilikuwa na boksi langu la dawa, sindano yangu, na kiburi changu. Akija anachoma, namlipa, anaondoka, mnyama akifa najisemea moyoni huyu dokta hamna kitu. Kumbe nilikuwa namwita kuja kuzika.

Siku iliyonigeuza kichwa wala hakukuwa na mgonjwa. Nilitaka mitamba wawili wapimwe mimba, dokta wangu kasafiri, akaja mwingine ambaye sikuwahi kufanya naye kazi. Akapima, akavua zile glovu ndefu, akanawa, alafu badala ya kufunga begi lake akaegemea nguzo ya banda akawa anaangalia ng'ombe. Dakika tano. Kumi. Hagusi kitu, hasemi kitu. Mimi pembeni nimeshaanza kuvimba, nawaza huyu anavuta muda bili inenepe. Mwishoe akaniuliza, "Hawa wanalala masaa mangapi kwa siku?" Nikamjibu si wanalala usiku bwana, kama kila mtu.

Akatabasamu. Akaniambia ng'ombe wa maziwa akiwa pazuri analala chini karibu masaa 12 kwa siku, kidogo kidogo, mchana na usiku, na hapo ndipo anapocheua na kupumzisha miguu. Sasa kati ya ng'ombe wangu sita, wanne muda wote ule walikuwa wamesimama tu, hawali wala hawanywi, na mmoja kasimama kwa mtindo ambao nilikuwa nauona kila siku nikadhani ni pozi lake, miguu ya mbele iko ndani ya sehemu ya kulalia, ya nyuma kaiacha kwenye mfereji. "Anataka kulala," dokta akasema, "ila anaogopa kushuka. Njoo upige magoti hapa."

Nikadhani utani. Akapiga yeye kwanza, kwa kujiachia kabisa, puu, nikafuata. Jamani. Zege tupu, juu yake mkeka wa mpira uliochakaa na maranda ya mbao kiasi cha kufunika aibu. Magoti yaliniuma nikauma meno, na nilipoinuka suruali imelowa miduara miwili, moja kila goti. Akaniambia ng'ombe akilala anatanguliza magoti ya mbele, na yeye ana kilo mia tano, hana sabini kama wewe. Ungekuwa wewe ungelala hapo mara ngapi kwa siku?

Baada ya hapo ndo akaanza kunisomea banda langu kama mtu anayesoma barua. Vifundo vya miguu ya nyuma, manyoya yamenyonyoka na vimevimba, hiyo ni sakafu. Sugu juu ya shingo, hiyo ni lile bomba la kwenye kihori nililoweka chini mno, kila akila anajikwaruza. Na yule niliyekuwa namwita mvivu, anayekuja wa mwisho kukamuliwa na mgongo kaupinda kama upinde, akamnyanyua mguu wa nyuma, akausafisha kwa kisu cha kwato, akaniita niangalie. Kwenye kwato ya nje, upande wa chini, kidonda chekundu kama sarafu. Sijui alitembea nacho wiki ngapi, mimi nampiga kofi la mgongo aharakishe.

Hapo palinichoma, sitaki kudanganya. Niliuliza mbona hakuchechemea basi nikajua? Dokta akasema alichechemea, wewe ndo ulikuwa unatafuta kuchechemea kwa sinema. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, wote ni wanyama wa kuwindwa, akionyesha udhaifu ndiye anayeliwa, kwa hiyo maumivu anayaficha mpaka ashindwe kabisa. Mpaka wewe uone kwa jicho lako la kawaida, yeye kashateseka muda mrefu. Kupinda mgongo, kutingisha kichwa akitembea, kupunguza hatua, hizo ndo kelele zake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama huna muda wa kusoma mpaka chini chukua huu tu, mlipe dokta aje aangalie. Siyo achome, aangalie. Mpe nusu saa ya kusimama bandani wakati kila mtu ni mzima. Sisi wafugaji tuna ugonjwa wa kuzoea, kitu ukikiona kila asubuhi kinageuka kuwa ukuta, hukioni tena. Mtu aliyesomea anaingia na macho mapya na anajua aangalie wapi.

Nilichofanya baada ya pale hakikuwa cha ajabu. Niliongeza matandiko mpaka nikipiga magoti sisikii kitu (bado najipima hivyo kila wiki, watu wa nyumbani wamezoea kunicheka), bomba nikalipandisha, na kwato zikaingia kwenye kalenda, mara mbili kwa mwaka zinapunguzwa hata kama hakuna anayechechemea. Yule mvivu wangu saivi anakuja wa pili au wa tatu kukamuliwa. Maziwa yalipanda pia ila lita sizitaji, nawajua nyie, mtaanza kushindana.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba mawazo haya yana historia. Mwaka 1965 huko Uingereza kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell ilisema mnyama wa kufugwa walau awe na nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Yaani vitu vitano vidogo hivyo. Mwaka 1979 vikapanuliwa kuwa zile zinazoitwa haki tano za mnyama, asiwe na njaa na kiu, asikae pabaya, asiumwe wala kujeruhiwa bila kutibiwa, asiishi kwa hofu, na aachwe afanye mambo ya asili yake. Nilipoisoma nikaona mimi nilikuwa najitahidi kwenye ile ya njaa peke yake, nyingine zote nilikuwa naziita udekaji.

Sasa tuje kwenye maumivu, manake hapa ndo wengi tunakwepa macho. Kuondoa pembe. Zamani kwangu ilikuwa watu watatu, chuma cha moto, na mimi nimekalia shingo ya ndama. Hakuna ganzi. Ile harufu ya nywele kuungua na ile sauti anayotoa, alafu tunanawa mikono tunakwenda kula. Ndama yule angekimbia akiniona kwa wiki nzima na mimi nasema atazoea.

Mara ya kwanza dokta kufanya mbele yangu kwa njia inayotakiwa, alichoma ganzi kati ya jicho na pembe, kila upande, akakaa akapiga stori kama dakika kumi, akachokoa ngozi kwa ncha ya sindano kuhakikisha haisikii, ndo akaleta chuma. Ndama kashikwa na mtu mmoja. Nawaambia wakati chuma kiko kichwani yule ndama alikuwa anatafuna mkono wa shati langu. Nilisikia aibu ambayo sijui niielezee vipi, nikikumbuka wale wote wa nyuma.

Ila ganzi haitoshi, na hili wengi hawaambiwi. Ganzi ya kawaida inaisha baada ya lisaa limoja au masaa mawili hivi, jeraha la moto linauma zaidi ya hapo. Mwombe dokta aongeze na dawa ya kutuliza maumivu inayodumu, kama melokisikamu, kiasi apange yeye. Na usisubiri pembe ziwe ndefu ndo ukumbuke. Kwenye wiki za mwanzo kile kichipukizi cha pembe kinaelea kwenye ngozi, akifika kama miezi miwili kinakuwa kimeshika kwenye fuvu, hapo kazi inakuwa kubwa na mateso yanakuwa makubwa. Hivyo hivyo kuhasi, mapema na kwa ganzi.

Kuhusu boksi langu la dawa nina stori moja tu inatosha. Mwanambuzi alikuwa anakohoa, nikavuta antibayotiki kwa kukadiria, nikamchoma pajani nyuma, pale pale panapoonekana pana nyama. Kesho yake anaburuza mguu. Sindano ilikuwa imeugusa mshipa wa fahamu mkubwa unaopita hapo, na kwa mnyama mdogo ule nyama ni kiduchu, nafasi ya kukosea hakuna. Hakupona ule mguu. Kikohozi nacho kilikuja kuonekana ni minyoo ya mapafu, antibayotiki haiigusi hata kidogo. Kwa hiyo nilimpa kilema kwa ugonjwa ambao nilikuwa siutibu. Tangu hapo dawa zilizobaki kwangu ni zile dokta kaniachia na maelezo yameandikwa, dozi, mahali pa kuchoma, na siku ngapi maziwa yake yamwagwe kabla mtu hajanywa. Hiyo ya kumwaga maziwa inauma mfukoni, najua, mwage tu.

Mengine niyapitie haraka. Dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza mama akishazaa, ndama apate ndani ya masaa sita ya mwanzo, ikipita siku nzima utumbo wake haupokei tena ile kinga ya mama, hata umpe ndoo. Mbuzi na kondoo, mwambie dokta akufundishe kusoma rangi ya ndani ya kope la chini, ukiona nyeupe badala ya wekundu ujue huenda minyoo inamnyonya damu, na wale wenye kope jekundu huna sababu ya kuwajaza dawa, maana kumwagia zizi zima dawa kila mara ndo kunafundisha minyoo kuzoea. Kuku, inama mpaka kichwa chako kiwe urefu wao uvute pumzi. Macho yakikuwasha kwa hewa ya kinyesi, wao wanaishi humo masaa 24.

Kuna kazi moja ya dokta hakuna anayependa kuiongelea. Nilikuwa na ng'ombe mzee alianguka akavunjika mguu juu, karibu na nyonga. Nilimng'ang'ania dokta afanye chochote, na kweli nilikuwa nampenda yule ng'ombe, ila pia nilikuwa siko tayari kuamua. Dokta akanisikiliza yote alafu akasema, "Wewe unaomba muda, yeye anaomba nini?" Tukamaliza mateso yake jioni ile ile, bila kumpakia kwenye gari, bila kumburuza. Alichoma dawa ya usingizi kwanza. Ongea na dokta wako jambo hili mapema, siku ya utulivu, mkubaliane kabisa ikitokea itafanyika vipi, kwa sababu siku yenyewe akili inagoma.

Najua mtasema madokta wenyewe wako wapi, na wengine wao ndo wale wa kuchoma na kuondoka bila hata kumpima joto mnyama. Ni kweli, na mimi nimekutana nao. Majirani wanne watano mkijiunga mkamwita siku moja azunguke mabanda yote, gharama ya safari mnagawana na yeye anaona siku yake haijapotea. Sisi tunafanya hivyo kila miezi mitatu na daftari liko mezani, nani kazaa lini, nani kapewa nini, manake dokta bila rekodi naye anakisia kama mimi na ile sindano yangu.

Na wa kumchagua utamjua hivi. Mpigie wiki ambayo bandani hakuna anayeumwa. Atakuuliza, "Nani mgonjwa?" Mwambie hakuna, nataka uje uwaangalie tu. Akikuambia mpigie akipatikana mgonjwa, mshukuru, tafuta mwingine. Akikuuliza unakamua saa ngapi ili aje kabla hawajatoka bandani, huyo usimwachie.