Mkataba wa mashine ya barafu: andikeni jaribio kabla ya bei

Msomaji wa Kigombe, mkoani Tanga, ametuletea rasimu ya mkataba wa mashine ya barafu ya kikundi cha wavuvi. Bei ipo kwa tarakimu na kwa maneno, awamu za malipo zipo, nafasi ya mihuri ipo. Uhakiki umepewa mstari mmoja: "Mashine itoe tani 1 kwa siku na ifanye kazi vizuri." Siku ya mapokezi kila upande utausoma mstari huo apendavyo, na fundi atakuwa wa muuzaji.

Tani 1 katika hali gani? Vipeperushi vingi huhesabu maji ya baridi na hewa ya wastani. Tanga, kaskazi ya msimu wa joto ikishika, maji ya tangi hukaribia nyuzi 30. Kugandisha kilo 1 ya maji ya nyuzi 15 ni kuondoa kilojuli 397 hivi. Ya nyuzi 30, kilojuli 460. Kazi imeongezeka asilimia 16, na bado kondensa, sehemu inayotupa joto nje ya mashine, inahangaika kulitupa kwenye hewa ya nyuzi 33. Mashine inaweza kupunguza kilo nyingi bila muuzaji kusema uongo.

Basi andikeni: kilo 1,000 kila saa 24, kwa saa 72 mfululizo, maji yakiingia na nyuzi 30, hewa nyuzi 33, kwa umeme wa njia tatu wa hapo hapo mwaloni. Volti zisomwe kila saa. Zikishuka jioni kompresa, pampu inayosukuma gesi ya kupoza, hukata, na lawama zote hupelekwa TANESCO; kwa hiyo mkataba utaje mapema mashine ivumilie volti ngapi hadi ngapi. Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Katika kila mkupuo pasueni mapande matatu: kiini chenye maji maana yake barafu imetolewa kabla ya wakati ili kilo zionekane. Someni yuniti za umeme mwanzo na mwisho, mgawanye kwa tani.

Ikiletwa Julai, ubaridi wa upepo wa kusi utaifaulisha. Zuieni asilimia 10 ya malipo hadi jaribio la pili, Februari.

Kutu ya chumvi haipimiki kwa siku tatu. Hapo dai hati ya kiwanda kuhusu rangi ya kinga ya kondensa, pamoja na dhamana ya miezi 12 inayotaja kutu kwa jina.

Halafu fedha, maana hapa ndipo vikundi hunyamaza kwa aibu: nani analipia umeme, maji na fundi wakati wa jaribio? Likifeli, muuzaji arekebishe kwa gharama yake na saa zianze upya kutoka sifuri. Likifeli mara ya pili, aondoe mashine na kurudisha malipo. Yote haya yawemo kwenye nyaraka za zabuni. Ukiyadai baada ya sahihi, utauziwa kama nyongeza ya kazi.