Barua kwa Mwanangu Aliyeko Minneapolis

Mwanangu,

Ama baada ya salamu, sisi huku Mombasa hatujambo, na magoti ya babako yamepata nafuu. Umeniuliza kama uuguzi wa forensiki, ule wa kuwatibu walioumizwa na kuwakusanyia ushahidi wa mahakamani, una kazi ya uhakika na malipo ya kutosha huko uliko, ama utatupa ada na miaka yako bure. Nimeisoma barua mara tatu, na kila mara moyo unanituma kujibu jambo jingine: kama mkono wako utakubali kwenda taratibu saa tisa ya usiku, mgonjwa analia na askari anagonga mlango akitaka karatasi zake.

Tuanze na la kazi. Taaluma hii imekulia hapo hapo ulipo. Miaka ya 1970 wauguzi wa Memphis, kisha wa Minneapolis, walianza kuwachunguza wenyewe waliobakwa, badala ya kuwaacha wakae saa nyingi wakimngoja daktari. Mwaka 1992 wauguzi wa kazi hii walikutana katika mji huo wako wakaunda chama chao cha kimataifa, na 1995 chama kikuu cha wauguzi wa Marekani kikakubali kuwa hili ni tawi kamili la uuguzi.

Darasa la kuwachunguza waliobakwa ni saa 40 kwa upande wa watu wazima na vijana. Ukichanganya na watoto, saa 64. Baadaye unafanya kazi chini ya muuguzi mzoefu. Kisha kuna vyeti vya SANE, yaani vya muuguzi mchunguzi wa waliobakwa: SANE-A ni cha wazima na vijana, SANE-P cha watoto. Ili ukalie mtihani uwe na leseni, miaka miwili ya uuguzi, na saa 300 za kazi hii yenyewe ndani ya miaka mitatu. Hapo kwenye saa 300 ndipo wengi hukwama, maana wagonjwa hawa hawana ratiba, na katika hospitali ndogo saa hizo hujaa polepole sana.

Malipo nayo, nafasi nyingi ni za zamu za kuitwa: unalipwa kidogo kwa kungoja simu, na zaidi ukiitwa. Usiache wodi yako kwa ajili hiyo. Anayetaka ajira kamili hutazama ofisi za kuchunguza vifo, magereza, vituo vya watoto walioteswa, au huratibu programu nzima baada ya shahada ya uzamili, kama ile ya Duquesne kule Pittsburgh.

Hilo ndilo jibu la ulichouliza. Lakini mwanangu, andika ulichokiona na ulichokisikia, usiandike ulichokidhani. Neno hili umelisikia mezani kwetu tangu shule ya msingi, na unajua limetoka wapi. Limetoka kwenye kesi ya leso.

Babako hapendi itajwe, nami nitaitaja. Leso ya yule mtoto aliyebakwa ilikuja hospitalini imelowa mvua. Ikatiwa katika mfuko wa nailoni, ikafungwa fundo, ikawekwa kabatini siku nne za Idi, katika joto la Mombasa. Ilipofunguliwa maabara ilikuwa nyeusi kwa ukungu. Nailoni hufungia unyevu ndani, na kwenye unyevu vijidudu na kuvu huila DNA. Karatasi hupumua. Ingetosha kuianika leso chumbani, mbali na jua na feni, mpaka ikauke kabisa, ikunjwe na karatasi kati ya mikunjo ili doa lisihamie upande wa pili, itiwe katika bahasha ya karatasi, ifungwe kwa utepe wa gundi, isainiwe juu ya utepe kwa tarehe na saa. Bahasha isilambwe kwa ulimi, maana mate yako nayo yana DNA. Kila anayeipokea aandike jina na saa. Siku zile nne hazikuwa na saini hata moja.

Na fomu, ambayo ndiyo inayoniuma zaidi, iliandikwa: "Hakubakwa, hana jeraha." Wakili wa mshtakiwa aliusoma mstari huo mara mbili, kwa sauti. Aliyebakwa anaweza kukosa jeraha lolote. Muuguzi huandika "sikuona jeraha" na kunyamaza. Hilo jingine ni la hakimu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake walisema wazi kwamba kipimo cha bikira, yaani kumtazama kizinda ili kujua kama ameingiliwa, hakina msingi wa kisayansi na kikomeshwe, lakini kesi ya mtoto yule ilikuwa imeshapita.

Namlaumu aliyeandika? Miaka yote nimemlaumu. Halafu nakumbuka hakufundishwa hata saa moja, sembuse 40, na zamu ile alikuwa peke yake na wodi imejaa. Basi simlaumu. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwake, na "sikuona" halina gharama kubwa kuliko "hakubakwa". Sijui nimuweke wapi.

Kwa hiyo nikuulize mimi. Utaweza kumvulisha mtu nguo akisimama juu ya karatasi mbili, ya chini ikinge uchafu wa sakafu, ya juu ipokee kinachoanguka, uikunje hiyo ya juu na kuihifadhi? Utabadilisha glavu kila sampuli, hata zikifika jozi ishirini? Palipolambwa au kung'atwa hupitishwa kijiti cha pamba chenye maji safi ya hospitali, kisha kikavu. Nguo yenye tundu la kisu haikatwi kupitia tundu hilo. Picha ni ya mbali, ya kati, kisha ya karibu, bila rula na yenye rula. Aliyekabwa shingo yaweza kuwa safi kabisa. Muulize sauti, kumeza, kama alijikojolea, kisha tazama ndani ya kope na nyuma ya masikio kama kuna vitone vyekundu. Na kila hatua anayo haki ya kukataa, hata katikati.

Matibabu hayangoji polisi. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72 na zinywewe siku 28. Za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Huku kwetu bado kuna watu wanaotangulia kituoni kutafuta P3, ile fomu ya polisi, huku saa zikiisha.

Ukiitwa mahakamani jibu kilichomo katika fomu yako, basi. Andika ulichokiona na ulichokisikia, nawe utasimama nacho hata baada ya miaka mitano.

Hapa nilikuwa nimeandika mstari mmoja wa nenda au usiende. Babako amesema uamuzi ni wako, nimeufuta, ingawa kalamu haikutaka.

Ukienda kuonana nao uliza zamu ni ngapi kwa mwezi, na nani atakaa nawe katika uchunguzi wako wa kwanza. Uliza pia kabati la ushahidi lina funguo ngapi na zinashikwa na nani. Jibu la hilo la funguo niandikie.

Mamako