Ukifika barazani, taja jina lako

Baba alipoacha kutoka kwenda barazani tulidhani ni uzee tu. Kutwa yuko ndani na redio yake. Presha ya macho ilikuwa imemla kidogo kidogo kuanzia pembeni, mpaka ikawa anaona kama anayechungulia tunduni, kisha na hilo tundu likaziba. Siku moja akaniambia mwenyewe: "Mtu ananiamkia shikamoo, mie simjui nani. Namuitikia marahaba huku naona haya." Kumbe lililomtoa barazani lilikuwa haya.

Kama unaye mzee wa namna hii, kwanza mpeleke hospitali, usiseme ni umri. Mtoto wa jicho hufanyiwa operesheni na mtu akaona tena. Presha ya macho hairudishi kilichopotea, lakini dawa husaidia kulinda kilichobaki. Hilo likisha, mtafutie wenziwe.

Wenziwe wapo. Mie niliwapata siku ya pencheni jamii, ile wanayopewa hapa Zanzibar waliotimiza miaka 70 tangu 2016. Wazee msiowaona mwezi mzima, siku hiyo wanatoka, kila mmoja kashikwa mkono na mjukuu. Nikapata wanne wa mitaa ya karibu.

Mwanzo nilikosea. Niliazima chumba, nikapanga viti vya plastiki, nikawasha feni. Sauti zikagonga kuta, feni inanguruma, hakuna aliyejua nani kasema nini. Nusu saa wote kimya! Tukahamia kwenye baraza ya nyumba yetu, kila mtu na pahala pake pasipobadilika, Jumatatu na Alkhamisi baada ya alasiri. Muuza kahawa anagonganisha vikombe tangu kona ya juu, wao wanaanza kutafuta sarafu mifukoni. Kikombe mpe mkononi. Usimwekee pembeni halafu ukamwambia "kipo hapo". Hapo wapi?

Sharti letu ni moja. Ukifika, taja jina: "Masalkheri, ni mie fulani, nimekuja na fulani." Ukiondoka pia useme. Tulikuwa na kijana mmoja akinyanyuka kimya kimya, Baba akabaki anausimulia ukuta hadithi ya karafuu kwa dakika nzima. Watu wakacheka. Baba hakuja tena barazani wiki mbili.

Na njiani usimburure mzee kwa kumshika mkono. Mpe kiwiko chako akishike yeye, utangulie nusu hatua, ukifika ngazi useme ni ya kupanda au ya kushuka.

Bao ndilo nililoliogopa, nikidhani limekwisha kwake. Lakini vidole vinajua kuhesabu. Mashimo 32, na lile shimo linaloitwa nyumba kwenye bao letu ni la pembe nne, kwa hivyo akilipapasa tu anajua yuko wapi. Tumekubaliana apapase kabla ya kucheza, na mpinzani ataje shimo kwa sauti. Mchezo unakwenda polepole, na vijana wenye haraka huona tabu. Wanaweza kwenda kwenye mpira.

Kina mama hawakai barazani na wanaume, wao hukutana uani kwa shangazi. Hapo kazi ni kusuka ukili, ule utepe wa miyaa, yaani majani ya kusukia, unaoshonwa mkeka. Kuna bibi mmoja haoni kabisa, ukili unamtoka mkononi umenyooka kuliko wa mie mwenye macho. Tatizo lake ni rangi tu: mjukuu anamwekea miyaa myekundu kulia na myeupe kushoto, na ole wake atakayeichanganya.

Jumatatu iliyopita niliwakuta wanagombana. Baba kashika kete mkononi, uso kauinua juu, anauliza nani kaigusa nyumba yake. Jirani anaapa hakuigusa. "Nimeisikia," Baba akasema, akaanza kuhesabu upya, shimo kwa shimo.