Unataka Kupiga Kinubi? Nunua Nyuzi za Akiba Kwanza

Juzi binti mmoja wa Masasi kaniandikia: "Shikamoo dada, nataka kupiga kinubi muziki wa kisasa kama wewe, nianzie wapi?" Marahaba, mdogo wangu. Nilifurahi, kisha nikacheka, maana hiyo "kama wewe" ina kisa.

Desemba nilialikwa kwenye hafla hapa Mtwara mjini. Nikaandaa kipande changu cha dakika sita: kugonga ubao kwa viganja, kukwaruza nyuzi nene kwa kucha, kukata mlio ghafla. Sikuyazua mimi. Mtunzi Mwitaliano Luciano Berio alishaandika kinubi cha vurugu mwaka 1963, kwenye kipande chake Sequenza II. Dakika ya pili tu, MC akashika maiki: "Jamani, fundi yupo? Chombo kimeharibika!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilimaliza, lakini machozi yalikuwa yananilenga. Na nauli hawajanirudishia hadi leo.

Sasa ushauri. Nunua nyuzi za akiba. Za utumbo wa mnyama hunywa unyevu, na huku kwetu pwani hewa ni mbichi, kabla ya mvua, usiku, unasikia "paa!" sebuleni unadhani mwizi, kumbe uzi umekatika. Mimi natyuni kila asubuhi kabla ya chai. Nyuzi nyekundu ni do, nyeusi ni fa, usipotee. Kidole kidogo kiache, hakitumiki.

Halafu usihangaike na nota za wakubwa. Kinubi kikubwa cha jukwaani kina nyuzi 47 na makanyagio saba, kila moja nafasi tatu, kwa hiyo mguu unabadilisha sauti huku mikono yote miwili inaendelea. Changu kina nyuzi 34 na vijiti vya juu vya kubadilisha sauti, na kila kijiti lazima mkono wa kushoto uache nyuzi ukakiinue. Nilipoteza miezi minane nikilazimisha Sequenza kwenye chombo kisicho na makanyagio. Miezi minane! Tunga kwa ulichonacho. Mimi kile kijiti kinapogonga uzi nimekiacha kisikike, ndiyo ngoma yangu.

Na nyuzi, nimesema? Nunua nyuzi. Vijana mnapenda kupiga picha na chombo kuliko kukifanyia mazoezi. Saa mbili kila siku, mlango umefungwa, simu jikoni. Atakayekucheka mwache acheke, wewe usisimame katikati.

Yule MC ana harusi Mikindani mwezi ujao. Nimealikwa na mimi. Nitapiga kile kile, dakika zote sita.