Mkono Ukianza Ganzi: Maneno kwa Wageni wa Kiti

Madogo mnaoanza maisha ya kiti cha magurudumu, hili nimelimeza tangu mazoezi ya mwezi uliopita, sasa linatoka. Nusu yenu mnakung'uta mikono kama watu walionawa mahali pasipo na taulo. Nikiuliza naambiwa, "Ganzi tu, kaka, inaachia." Ni kweli inaachia. Halafu inarudi usiku, inakuamsha saa nane, unaning'iniza mkono nje ya kitanda mpaka upate nafuu, unalala. Asubuhi unasimulia kwamba ulilalia mkono vibaya. Hukulalia mkono. Hiyo ni kapotaneli, yaani neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono, na kwa mtu wa kiti haina tabia ya kuja mara moja ikaondoka.

Anatomia mlifundishwa wodini mkasinzia, kwa hiyo nairudia kwa pumzi moja. Neva ya kati inaingia kiganjani kupitia kijifereji chembamba kwenye kifundo cha mkono, imebanana na kano tisa za vidole, na juu yake kuna ukanda mgumu usiotanuka. Ukikunja kifundo kwa nyuma na kukilalia uzito, shinikizo humo ndani linapanda na neva inakabwa. Mtembeaji anafanya hivyo akipiga pushapu. Sisi tunafanya kabla ya chai: kitandani, chooni, bafuni, kwenye kiti, kizingiti cha mlango. Tafiti za watu wenye paraplejia, waliopooza miguu, zinakuta karibu nusu yao, wakati mwingine zaidi, wana dalili hizi, na kadiri miaka inavyozidi kwenye kiti ndivyo idadi inavyopanda. Kwa hiyo usiniambie wewe una mikono ya chuma. Sote tulikuwa nayo.

1. Jua ni vidole gani. Dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, hapo tunazungumza lugha moja. Kikiwa ni kidole cha mwisho, neva nyingine hiyo, mara nyingi imebanwa kwenye kiwiko; tazama unavyoegemea mikono ya kiti.

2. Pampu. Tairi laini linakulazimisha kusukuma kwa nguvu zaidi kila mzunguko, na anayelipa ni kifundo chako. Bonyeza tairi kwa dole gumba kila wiki, likibonyea, jaza. Sitaki kusikia kwamba fundi baiskeli yuko mbali, maana kwenye mpira mnafika.

3. Acheni kujinyanyua kwa viganja ili kupumzisha makalio. Najua mlifundishwa hivyo, hata mimi nilifundishwa hivyo, na kuna watu humu wanafanya kwa mbwembwe wakiona kuna wageni. Inama mbele kifua kielekee magotini, au egemea upande mmoja kisha mwingine, ukae hivyo dakika mbili hivi. Ngozi inapata damu vizuri kuliko kile kinyanyuo chako cha sekunde chache, na mkono haujaguswa.

4. Sindano. Hapa nivumilieni, nitakaa kidogo.

Mimi ni fundi simu, mnajua. Dalili yangu ya kwanza haikuwa maumivu, ilikuwa skrubu. Zile skrubu ndogo za simu, ambazo ukipiga chafya unazitafuta mpaka jioni. Nikawa nashika skrubu kwa vidole na sijui kama nimeishika mpaka niitazame. Zikawa zinaanguka. Nikamlaumu kijana wangu kwamba anachafua meza kwa mafuta. Nikabadilisha kibano. Nikabadilisha taa. Mke wangu ndiye aliyesema, "Tatizo ni mkono wako," nikamjibu vibaya.

Baadaye nikaenda hospitali, nikachomwa sindano ya steroidi kwenye kifundo. Jamani, ile dawa! Siku chache tu, usiku nalala fofofo, skrubu zinatii. Daktari alinieleza vizuri kabisa: hii inapunguza uvimbe, haiondoi sababu, punguza mzigo, urudi nikuone. Mimi nilisikia neno moja, "nafuu", nikaligeuza kuwa "umepona". Bajaji niliyokuwa nalipa kutoka nyumbani hadi kibandani nikaiacha, nikasema sasa nasukuma mwenyewe, mazoezi. Mnaijua ile barabara ya Mbagala ninayopita. Mchanga unameza magurudumu ya mbele mpaka kiti kinasimama, unapiga rimu, ile duara ya kusukumia, kwa viganja, kiti kinasogea hatua moja, unapiga tena. Nikajiandikisha na kwenye bonanza la kikapu.

Ganzi iliporudi, aibu ikanikataza kurudi kwa daktari yule. Nikaenda hospitali nyingine nikajifanya mgeni, nikachomwa sindano nyingine. Baada ya hapo, kwingine tena. Kila mmoja alidhani ya kwake ndiyo ya kwanza, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia hivyo. Nilijiona mjanja. Kila sindano ilinipa muda mfupi kuliko iliyotangulia, na kila muda mfupi niliutumia kusukuma zaidi ili kufidia siku nilizopoteza.

Kilichonishtua ni kitu cha kipuuzi. Nilikuwa nafunga kifungo cha shati, nikakiona kiganja changu kwenye kioo. Nyama ile iliyojaa chini ya dole gumba, kwenye mkono wa kulia haikuwepo. Pamebonyea. Nikaweka viganja viwili pamoja kulinganisha, nikaviweka mezani, nikavirudia tena kama vile mara ya pili jibu lingebadilika. Mkitoka hapa fanyeni hivyo: pangeni viganja, mtazame nyama ya dole gumba. Ikianza kupungua, neva imeshaumia, na wakati huo mazungumzo ya splinti, kile kifungo cha kunyoosha kifundo, na sindano yamekwisha, ni upasuaji.

Nikapasuliwa. Ukanda ukakatwa, neva ikapata nafasi. Ganzi ya usiku ikaondoka upesi. Nguvu ya dole gumba mpaka leo haijarudi yote. Lakini sijamaliza ujinga wangu. Nilipanga upasuaji, sikupanga maisha baada ya upasuaji. Daktari wa upasuaji anapomwambia mtembeaji "pumzisha mkono", anampumzisha mkono. Akiniambia mimi, amenipumzisha miguu. Sikuweza kuhama mwenyewe kati ya kitanda na kiti, kateta, mrija wa kutolea mkojo, ilinishinda kwa mkono mmoja, na nyumbani hatukuwa tumezungumza nani atanisaidia nini. Shemeji yangu akawa ananihamisha huku akitazama dari kwa heshima, ndiyo maana alinigonga kwenye fremu ya kitanda. Nikawa naegemea upande wa kushoto kutwa nzima ili kuupa nafuu mkono wa kulia, nikapata kidonda cha mgandamizo kwenye kalio la kushoto. Kidonda kilichukua muda mrefu kupona kuliko mkono.

Na nilipopona vyote viwili? Nikarudi kwenye viganja bapa na mchanga ule ule. Ganzi nayo ikarudi. Safari hii nilirudi kwa daktari wa kwanza, nikamwambia yote, akaniuliza, "Tangu tulipoonana, umebadilisha nini?" Nikataja vidonge, sindano na upasuaji. Akasema, "Hivyo tumebadilisha sisi. Wewe?"

Basi yanayofuata ndiyo niliyobadilisha mimi, na ndiyo yaliyonishikilia mpaka leo. Ganzi bado inanitembelea, hasa wiki zenye kazi nyingi. Ila sasa inakuja na kuondoka bila kunivunjia wiki.

5. Kuhama. Usilaze kiganja bapa. Shika ukingo, vidole vishuke nje ya ukingo, au weka ngumi huku kifundo kimenyooka. Badilisha mkono unaotangulia. Wale mlioumia shingo mnaotumia mshiko wa kukunja kifundo nyuma ili vidole vijifunge, ninyi ndiyo kabisa: vidole vibaki vimekunjwa, mkivinyoosha na kuvilalia mtapoteza hata mshiko mlio nao. Kisha angalieni kitanda. Changu kilikuwa kirefu kuliko mto wa kiti kwa kiasi cha kiganja, kwa hiyo kila usiku nilikuwa napanda mlima. Nikamwita seremala akapima, akakata miguu ya kitanda kwa msumeno, akataka kunilipisha kama ametengeneza kitanda kipya. Tulibishana, nikalipa, na hiyo ndiyo pesa iliyonisaidia kuliko pesa yoyote niliyopeleka hospitali. Kama huwezi kukata kitanda, tumia kibao cha kuhamia. Hakuna anayekuhesabia alama za ujasiri.

6. Kiti chenyewe. Wengi wenu mko kwenye viti vya msaada, vile vya kukunja vya hospitali, vya kilo 18 au 20, vilivyokabidhiwa mbele ya kamera na mgeni rasmi ambaye hakupima nyonga ya mtu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 unasema kiti kinachofaa ni kile kinachomkaa mtumiaji na kufaa mazingira yake. Kiti kipana kinakupanua mikono kama unakumbatia pipa, na kifundo kinapinda kila msukumo. Jipime hivi: kaa wima, legeza mkono ushuke, ncha ya kidole cha kati iguse katikati ya gurudumu la nyuma. Ukiweka mkono juu kabisa ya rimu, kiwiko kikunjike kidogo zaidi ya pembe mraba, nyuzi 100 hadi 120. Ikiwa kiti chako kina matundu ya ekseli, chuma kinachoshika gurudumu la nyuma, isogezeni mbele tundu moja baada ya jingine. Uzito unahama kutoka magurudumu madogo, kiti kinakuwa chepesi, ila pia kinakuwa rahisi kupinduka kwa nyuma, kwa hiyo mara ya kwanza mtu asimame nyuma yako. Kijana mmoja alisogeza matundu yote kwa siku moja akaenda kupanda mteremko wa kituo cha mwendokasi peke yake. Alikaa anatazama mawingu mpaka abiria walipomwinua.

7. Kusukuma. Msukumo mrefu na laini, kisha achia mkono ushuke chini ya rimu na urudi nyuma kwa chini. Zile pigapiga fupi za haraka mnazoiga kwenye video zinakuongezea idadi ya misukumo bila kukuongezea mwendo. Mwongozo wa kulinda mikono uliotolewa mwaka 2005 na chama cha maveterani waliopooza wa Marekani una kurasa nyingi, lakini ukiukamua unabaki na hayo: punguza idadi, punguza nguvu, epuka kifundo kilichopinda mpaka mwisho. Kwa safari ndefu, baiskeli ya matairi matatu ya kuzungusha kwa mikono inachosha kidogo kuliko rimu. Najua mnaiona ya wazee. Wazee hao bado wana madole gumba.

8. Glavu zenye sponji kiganjani, hasa kwenye miteremko ambako mnafunga breki kwa nyama ya mkono.

9. Splinti ni ya usiku, na kifundo kiwe kimenyooka. Nyingi za dukani zina bati ndani lililopindwa kurudisha mkono nyuma. Lichomoe, linyooshe juu ya meza, lirudishe. Mchana ivue, maana ukisukuma nayo utahamishia taabu begani.

10. Kubali kusukumwa. Mtu akijitolea kwenye kilima, mwambie ashike wapi, mwambie asikimbie, kisha tulia. Nimeshawaona mnakataa msaada mbele ya wasichana, halafu jioni mnashindwa kufungua chupa ya maji na wasichana hao hao ndio wanaowafungulia.

11. Diklofenaki za kununua kila Ijumaa duka la dawa, acheni. Sisi figo zetu zina kesi nyingine tayari. Na dawa inayoficha maumivu inakuruhusu kusukuma juu ya jeraha, niliyoyafanya na sindano mtayafanya na kidonge.

12. Kabla ya kukubali upasuaji, panga watu. Mkono mmoja kwanza, mwingine baadaye. Nani anahamisha, nani anakagua ngozi kila jioni, kateta inakuwaje, kazi anashika nani. Mwambie daktari wazi kwamba mikono hiyo ndiyo unayotembelea, na umuulize lini unaruhusiwa kuulalia uzito, siyo lini nyuzi zinatoka. Hizo ni tarehe mbili tofauti. Na kama una kisukari, tezi la shingo linasumbua, au una ujauzito, litaje mapema, maana hivyo navyo vinabana neva.

13. Hili la mwisho si la utani. Si kila ganzi ya mkono ni kapotaneli. Mwenye jeraha la uti wa mgongo anaweza kupata uvimbe wa maji ndani ya uti wenyewe, hata miaka mingi baada ya ajali, na unapanda. Ukiona ganzi inapita kiganja kuelekea mkononi na begani, au maumivu yanalipuka ukikohoa au kupiga chafya, au unaoga na mkono hautofautishi maji ya moto na baridi, au mistuko ya miguu, ile ya kuruka yenyewe, imebadilika ghafla, usikae na splinti. Nenda hospitali kubwa yenye emarai (MRI, mashine ya kupiga picha ndani ya mwili) siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kutoka mdomoni liwe "nina jeraha la uti wa mgongo", pamoja na namba ya pingili ya mgongo iliyoumia na mwaka ulioumia. Daktari wa zamu ukimwonyesha kiganja tu, atatibu kiganja.