Kazi ikiyumba, waambie watu wako hesabu

Mwaka 2020 nilikuwa bado nimeajiriwa, kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, upande wa kufungasha. Korona ilipoingia ndege za kwenda Ulaya zikasimama, na minofu mibichi inasafiri kwa ndege, haiwezi kusubiri. Kazi ikapungua ghafla, kutoka zamu mbili ikawa moja, alafu siku tatu kwa wiki, alafu ikafika mahali unaamka saa kumi na moja Igoma, unapanda daladala, ukifika getini mlinzi anakuambia leo hamna. Wiki sita hivi na hakuna mtu wa ofisini aliyetoka kutuambia neno hata moja.

Ile hela ndogo tuliizoea haraka kuliko mnavyofikiri, watu walikopeshana unga, vikoba vikasaidia. Tulichoshindwa kuzoea ni ule ukimya. Mara unasikia kiwanda kimeuzwa, mara watabaki wenye mikataba tu, mara fulani ameonekana anaingia kwa bosi kwa hiyo atakuwa ametaja majina. Watu waliokuwa wanakula sahani moja wakaanza kuangaliana vibaya, kazi ikawa ya hovyo, vitu vikaanza kupotea stoo. Mi mwenyewe nilikuwa natoroka mchana kwenda kutafuta kibarua kingine na sikuona aibu yoyote.

Aliyetushikilia kipindi kile alikuwa mama mmoja mtu mzima, mkata minofu, hana cheo chochote. Yeye alikuwepo kwenye hii kazi miaka ile ya 1997 hadi 1999 Ulaya walipofunga mlango kwa samaki wa ziwa letu zaidi ya mara moja, akawa anatusimulia pale nje ya geti jinsi walivyoishi na jinsi kazi ilivyorudi. Hakutuahidi kitu ila alituambia anachokijua, basi, na siku akikosekana unaona kabisa watu wamepooza.

Nayasema haya kwa sababu miaka mitatu baadae ikawa zamu yangu kuwa bosi kwenye shida, na nikaanza kwa kufanya kosa lile lile.

Nina ofisi ndogo ya dagaa, tunanunua soko la Mwaloni pale Kirumba na wakati mwingine tunafuata Igombe, tunaanika, tunachambua, tunafungasha. Watu kumi na moja, saba wa mkataba, wanne wa deiwaka. Mwishoni mwa 2023 zikaja zile mvua za El Nino, na anayejua dagaa anajua mvua inafanya nini, jua zuri anakauka siku moja tu lakini akinyeshewa ananuka, anageuka rangi, anaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Ukichanganya na siku za mbalamwezi ambazo mitumbwi ya dagaa hailali ziwani kwa sababu taa hazivuti samaki, ukachanganya na mgao wa umeme wa kipindi kile ambapo mashine ya kufunga pakiti inazima katikati ya oda, utaona tulikuwa tumebanwa kila upande.

Nikawa nawaambia watu "mambo yatakaa sawa, vumilieni". Kila siku hivo hivo. Na huku wanaona friza imetoka imeuzwa, wanaona simu ikilia naenda kuongelea nje. Wafanyakazi wako wanakusoma uso kabla hujafungua mdomo, kwa hiyo ukiwaambia yatakaa sawa na uso unasema kingine, wanauamini uso. Vijana wawili wakaacha kazi ndani ya wiki moja, wala hawakuaga. Alafu mama mmoja anayechambua akanifuata jioni akaniambia, "Mwanangu, tuambie tu hela ipo kiasi gani, sisi tuna watoto wa kupangia." Nilikaa kwenye gunia nikamwambia yote. Kesho yake nikawaita wote.

Nilichukua ubao wa shule, ule mdogo mweusi, nikaandika. Ndoo tulizonunua mwezi huu, zilizoharibika, pesa tunazodai, tunazodaiwa, na mishahara ni shilingi ngapi. Mstari wa chini ulikuwa unaonyesha tunaweza kulipa watu wote siku kumi na tano tu za mwezi, sio zaidi. Mikono ilikuwa inatetemeka kweli kweli, nikijua kesho nitabaki peke yangu.

Hakuna aliyeondoka, walikaa pale pale wakaanza kupanga. Mi nilikuwa nimeshawaza kupunguza watatu, wao wakasema hapana tugawane siku, na wakajigawia wenyewe kwa akili kuliko ningeweza mimi, wenye watoto wa shule wakapewa siku nyingi zaidi Januari kwa sababu ya madaftari na sare, vijana wasio na familia wakasema wao watasogea Februari. Mi ningejuaje hayo? Hata hivyo kila mmoja nilikaa nae pembeni tukaandika kwenye karatasi na akasaini, kwa sababu mshahara wa mtu haupunguzwi kwa tangazo la mdomo. Na kama unafikia mahali pa kupunguza watu kabisa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inakutaka uwape taarifa mapema, uwaeleze sababu, na mjadiliane njia za kuepuka kabla hujaamua. Wengi wanaiona hiyo kama usumbufu wa wanasheria. Mi naiona ni heshima ya kawaida ambayo ilibidi iandikwe kwa sababu watu walikuwa hawaifanyi.

Jambo lingine ambalo lilinigharimu kulijua ni hili la tarehe. Niliwahi kusema "kufika tarehe 10 jua litakuwa limerudi", tarehe 10 ikanyesha toka asubuhi, na nikaona nyuso zilivyoanguka, ilikuwa mbaya kuliko kama nisingesema kitu. Tangu hapo siahidi tarehe ya kitu kilicho mikononi mwa Mungu. Naahidi tarehe ya habari. Jumatatu saa mbili asubuhi tunakaa kwenye ubao, kuna habari nzuri, kuna mbaya, au hakuna habari, tunakaa. Kuna Jumatatu nimesimama pale nikasema tu "hali ni ile ile ya wiki jana" na watu wakarudi kazini wametulia.

Na chakula, jamani, msikate chakula. Hesabu ikibana jicho la kwanza linaenda kwenye ule ugali wa mchana, unaona pale kuna hela. Mi niliacha kununua vitu vingi lakini sufuria haikushuka jikoni, uji asubuhi, ugali na dagaa hao hao mchana, mboga kidogo. Kuna mtu pale kile ndicho chakula chake cha siku ili watoto wale cha jioni, na hatakuambia. Pia mkikaa kula pamoja ndo unasikia nani anaumwa, nani mwenye nyumba anamsumbua, nani ameingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Huyu wa mwisho muwahi. Niliweka utaratibu mtu anaweza kuchukua advansi mpaka robo ya mshahara bila riba na bila kuulizwa maswali mbele za watu, kwa sababu mtu anayefuatwa na wale wadai mpaka kazini huwezi kumpa moyo kwa maneno.

Wale vijana wawili walioacha, mmoja nilimpigia kumuomba msamaha kwamba sikuwaambia ukweli mapema. Alikuwa ameshapata kazi ya boda Nyakato, akasema yuko sawa, wabeja sana dada (asante sana kwa Kisukuma), ila mdogo wake hana kazi. Huyo mdogo wake ndo anaendesha mashine yangu ya kufunga pakiti leo.

Umeme ulitulia mwanzoni mwa 2024, mvua zikaja kupungua baada ya masika, siku zikarudi kamili kwa kila mtu mwezi wa sita. Nikataka kuushusha ule ubao maana unachukua nafasi ukutani, wakakataa. Jumatatu hii umeandikwa ndoo 64 zimeingia, 3 zimeharibika, na pale chini mtu ameongeza kwa mwandiko wake kwamba chandarua cha kuanikia kimetoboka upande wa ziwani.