Maswali ya Wasomaji: Mirija ya Mvuke na Anayeikagua

SWALI: Ndugu wahariri, habari za kazi. Nafundisha fizikia sekondari hapa Kongwa. Wanafunzi wangu wamesikia habari za urani ya Bahi na Manyoni, basi nikifika mada ya nyuklia wanauliza mlipuko tu. Nimesoma kwamba wadhibiti wa Marekani wanahangaika sana na mirija ya majenereta ya mvuke. Kwa nini mirija?
Mwalimu, Kongwa

JIBU: Mwalimu, katika mitambo ya maji yenye presha, mirija hiyo ndiyo ukuta pekee kati ya maji yaliyopita kwenye fueli na mvuke unaokwenda kuzungusha turbaini. Upande wa kinu kuna presha ya bar 155 hivi na joto la nyuzi 320 hivi. Upande wa mvuke ni bar 60 hadi 70. Kinachotenganisha ni aloi ya nikeli yenye unene wa milimita 1 na ushei. Jenereta moja ina mirija kuanzia elfu 3 hadi elfu 16, na mtambo huwa na majenereta 2 hadi 4. Mrija ukipasuka, maji ya kinu huingia upande wa mvuke, ambao vali zake za usalama hufungukia nje. Mionzi inapata njia ya kutoka bila kupita kwenye jengo la zege lililojengwa kuizuia. Waeleze vijana kwamba hofu ya mhandisi ipo hapo kuliko kwenye mlipuko wanaoufikiria.

SWALI: Wakuu, salaam. Mimi ni fundi boila kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti. Sisi tunajaza maji, tunapandisha presha, tunaangalia panapodondoka, tunauziba mrija kwa plagi. Wenzetu wanafanyaje?
Fundi, Singida

JIBU: Plagi wanapiga kama nyinyi, ila wao wanautafuta ufa kabla haujavuja. Mtambo ukizimwa kwa ajili ya kubadilisha fueli, mlango wa chini wa jenereta hufunguliwa na roboti hufungwa kwenye bamba linaloshika mirija. Koili, yaani waya uliosokotwa duara duara, husukumwa ndani ya mrija, kisha huvutwa kurudi huku ikirekodi. Umeme wa masafa kadhaa ndani ya koili huamsha mikondo midogo kwenye ukuta wa mrija. Penye ufa, kutu au msuguano, mikondo hiyo hupindishwa na koili huhisi. Ili ishara iwe na cha kulinganishwa nacho, koili hupitishwa kwanza kwenye kipande cha mrija kilichochimbwa makusudi kwa vina vinavyojulikana: asilimia 20, 40, 60, 80 ya ukuta, na tundu kamili. Wachambuzi wawili husoma rekodi kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, wa tatu huamua.

Koili ya kawaida ina udhaifu mmoja mkubwa. Mikondo yake huuzunguka mrija, kwa hiyo ufa nao ukiuzunguka vivyo hivyo, hauikatizi, na ishara huwa hafifu. Ndiyo maana kwenye kona kali, mrija unapopinda kama herufi U, na pale mrija unapotokeza kwenye bamba hutumika koili inayojizungusha, ijapokuwa ni ya polepole sana.

Palipolika kwa msuguano huzibwa kukifika asilimia 40 ya ukuta. Ufa, kwa kawaida, huzibwa ukionekana tu, kwa sababu kina chake hakipimiki kwa uhakika wa kutosha. Chanzo kingine cha kasoro ni chumvi inayojikusanya kwenye upenyo kati ya mrija na bamba za kuushikilia. Wewe unayelisha boila maji ya visima vya Kanda ya Kati, hilo huhitaji kufundishwa. Kuna pia vyuma vinavyosahaulika ndani baada ya matengenezo: Januari 1982 mrija wa mtambo wa Ginna, jimbo la New York, ulipasuka kwa sababu hiyo.

SWALI: Mdhibiti mwenyewe hashiki koili, anapitia ripoti tu. Huo ni ukaguzi gani?
Mwanafunzi wa uhandisi, UDOM

JIBU: Ni ukaguzi wa maana, mradi msomaji wa ripoti ajue pa kubana. Marekani ripoti hufika kwa mdhibiti, NRC, ndani ya siku 180 baada ya mtambo kurudi kazini. Inapaswa kuthibitisha kwamba mirija, katika hali iliyokutwa nayo, ingeweza kuhimili mara 3 ya tofauti ya presha ya kawaida. Halafu inatazama mbele: chukua kasoro iliyobaki, ongeza kosa la kipimo, ongeza kasi ya kukua hadi ukaguzi ujao. Bado inahimili? Muda huo si mmoja kwa wote. Mirija ya aloi 600, aina ya zamani ya aloi ya nikeli, hukaguliwa yote kila miezi 24 ya uendeshaji wa nguvu kamili, wakati ya aloi 690, iliyo mpya zaidi, inaruhusiwa kufika miezi 96.

Sisi tungeanza kusoma ukurasa wa ubora wa rekodi, yaani kiasi cha kelele, vurugu zinazoifunika ishara. Tazama mtambo wa Indian Point 2, nao wa jimbo la New York. Tarehe 15 Februari 2000 mrija wa safu ya 2 ulipasuka kwenye kona yake ya juu. Ukaguzi wa 1997 ulikuwa umepita hapohapo, lakini ishara ya ufa ilizama kwenye kelele. Uchungu zaidi, mwaka huohuo wa 1997 ufa wa aina hiyohiyo ulikuwa umeonekana kwenye kona ya mrija mwingine wa safu ya 2. Ukazibwa, bila kuuliza kwa uzito mingine ikoje. Koili ya masafa ya juu zaidi ilipotumika baada ya ajali, nyufa nyingine zikajitokeza kwenye safu hiyo. NRC iliupa upungufu huo rangi nyekundu, daraja lake la juu kabisa la uzito wa kosa.

Kwa hiyo ripoti inaposema "hakuna ufa uliokutwa", swali la mdhibiti ni hili: je, kwa koili hiyo na kelele hiyo, ufa ungeonekana?

SWALI: Mrija ukianza kuvuja mtambo ukiwa kazini?
Msomaji, Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Vipima mionzi kwenye gesi inayotoka kwenye kondensa, pale mvuke unapopozwa kuwa maji tena, huonyesha hata uvujaji mdogo. Kikomo cha Marekani ni galoni 150 kwa siku kwa kila jenereta, takriban lita 568. Kikizidi, kinu kizimwe ndani ya saa 6 na kiwe kimepoa ndani ya saa 36.

SWALI: Kuna la kuchukua kwa boila langu?
Fundi, Singida

JIBU: Lipo. Ipe mirija namba na uichore kwenye karatasi moja, pamoja na iliyokwisha kuzibwa. Kila mwaka pima unene kwa kipimo cha mawimbi ya sauti mahali palepale. Tuseme mwaka jana mrija ulikuwa milimita 3.2, sasa ni 2.9, na kikomo cha mtengenezaji ni 2.3. Kwa kasi hiyo una miaka miwili. Toa kosa la kipimo chako, kisha usingoje miaka miwili: pima tena baada ya mmoja. Mrija mmoja ukilika kuliko wenzake, pima majirani zake wote siku hiyohiyo, na karatasi hiyo mwonyeshe mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, akija.